Banda la Kuku la Bibi Fuatino

Jumatatu, 3 Septemba

Wewe Aperaamo, nimekuzaa kwa uchungu, nikakutafunia magimbi kabla hujaota meno, leo unanipigia simu kutoka Auckland kunipangia mahali pa kufia! Adabu umeisahau kwenye ndege?

Nilimwambia hivyo hivyo. Hakunyamaza. Eti anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Eti akishuka kwenye feri akanikuta bado nalala jikoni kwa shemeji Setu, ananibeba mzima mzima mpaka kwake. Eti kuna chumba, kuna zulia, kuna mashine ya kuleta joto. Mimi nikae mahali ambapo joto linaletwa na mashine! Na baba yake abaki hapa peke yake, kaburini mbele ya uwanja, akitazama pengo lililoachwa na kimbunga?

Tumepatana. Akikuta paa juu ya kichwa changu, neno la Auckland halitasemwa tena. Paa juu ya kichwa changu. Nilimfanya alirudie ili asije akaligeuza.

Nguzo ninazo. Zilisimamishwa na fundi Leavasa kabla hajaondoka. Na kuhusu kuondoka kwake, sikumfukuza. Nilisema tu kwamba vijana wake wanakula kama wamealikwa harusini. Hilo nalo ni tusi? Leavasa alifuta shoka lake, akalivika ala, akaenda zake, vijana nyuma yake, wa mwisho bado anatafuna.

Na kwetu nyumba iliyoachwa na fundi, fundi mwingine haigusi. Kisiwa kizima. Hata umpe binti.

Sawa. Nitajenga mwenyewe. Makuti nimesuka tangu Pasaka, rundo limempita Setu kimo. Kufunga boriti kwenye nguzo, kuna siri gani?

Jumanne, 4 Septemba

Siri ipo.

Mimi na Setu tulifunga boriti moja ya pembeni kwa kamba ya makumbi. Nikavuta mpaka viganja vikaungua. Setu akaiegemea apumzike (Setu hupumzika kabla ya kazi, asije akasahau baadaye) wakaanguka pamoja. Akiwa chini akaniuliza, shemeji, hivi kamba huanzia juu au chini? Nikamwambia huanzia mdomoni mwako, nikufunge.

Lakini swali limenikaa. Juu au chini? Nimezaliwa chini ya kamba hizi, nimezaa chini yake, na sijawahi kuinua macho kuuliza zinashikaje. Mtu mzima! Ni kama kulala na mume miaka yote usijue rangi ya macho yake.

Nani ana nyumba iliyofungwa vizuri kuliko zote? Leavasa. Na ndani ya nyumba ya Leavasa kuna nani? Mkewe, Pisaina, aliyeninyang'anya sauti ya juu kwenye kwaya. Akiimba utadhani nguruwe amesikia mfuniko wa sufuria.

Kesho mgongo wangu utauma.

Jumatano, 5 Septemba

Nilikwenda nimejikunja, mkono kiunoni, nikiguna kila ninapoonekana. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nataka cha darini, nimeinama vilevile.

Pisaina akatoka mbio. Dada Fuatino, jamani, umepatwa na nini? Nikasema mgongo, unadai sakafu iliyonyooka, ya kwa Setu ina mashimo. Akanitandikia mkeka. Nikalala chali, macho juu.

Loo! Hakuna msumari hata mmoja. Kamba inapanda, inashuka, inajikatiza katikati, nyeusi kwa nyekundu, kila kiungo kimevishwa nguo yake. Halafu upepo ukaingia kutoka baharini. Nyumba nzima ikaguna. Kiguno kidogo, kama mzee anayejigeuza kitandani. Kisha ikatulia. Nikangoja upepo mwingine. Ikaguna tena, ikatulia tena. Kumbe! Ndiyo maana kimbunga kilipopita nyumba yangu ya misumari iliruka mpaka shambani kwa mchungaji, na hii ikabaki. Iliyofungwa ina ruhusa ya kuguna. Iliyopigiliwa haina, basi hasira zote inazimeza mpaka inapasuka. Nimewahi kumwona mtu wa namna hiyo, simtaji.

Nikasahau kabisa kwamba ninaumwa. Pisaina hakusahau. Akanigeuza kifudifudi, akanipaka mafuta ya nazi, akanipandia kwa magoti. Yule mwanamke ana magoti kama mawe ya kuokea. Nikasema nimepona, nigeuze nitazame juu. Akasema bado, dada, nayasikia maumivu yanakimbilia kwenye bega. Aliponigeuza nilikuwa mgonjwa kweli.

Leavasa aliingia. Akanitazama. Akatazama nilipokuwa natazama. Akakaa kuchonga kigingi chake.

Kiungo cha juu ya mkeka wangu nimekishika chote kichwani. Juu, chini, katikati, zunguka. Naweza kukifunga nikiwa nimesinzia.

Alhamisi, 6 Septemba

Ningekuwa na fimbo ndefu ningempiga Pisaina nikiwa hapa hapa.

Kawatangazia kwaya kwamba mgongo wangu umekwisha. Asubuhi nimeshika kamba, nasikia nyimbo zinapanda njia. Nikajitupa kwenye mkeka. Kwaya nzima, mchungaji mbele. Wameniimbia zile za kumsindikiza mtu. Wamekaa mchana kutwa, na mimi siwezi hata kukaa kitako, nguzo zangu zinaniangalia kule uwanjani. Setu alilia vizuri sana. Alikuwa analia huku anakula shelisheli walizoleta.

Kisha simu. Aperaamo kasikia huko huko Auckland kwamba mamaye anakata roho. Kabadilisha ndege. Hatakuja tena Jumamosi. Anakuja Alhamisi.

Nikamwambia sijambo, nilikuwa nachungulia kamba tu. Akaniambia, mama, sasa hata maneno yako hayaeleweki, pumzika.

Jumatatu, 10 Septemba

Siku hizi zote tangu wanakwaya waniache nimefunga. Juu, chini, katikati, zunguka. Boriti za pembeni zimekaa. Nimezipiga ngumi, hazikutikisika. Setu kaniuliza kama aziegemee, nikamwambia athubutu.

Leo ilikuwa zamu ya boriti ya juu, ule mgongo wa paa. Vijana wa kijiji wamekuja. Si kwa ajili yangu. Nilimfukia nguruwe kwenye mawe ya moto, nikamfunika majani ya mgomba, harufu yake ikaenda nyumba kwa nyumba kunialikia. Nikawaambia boriti kwanza, nguruwe baadaye. Mmoja akauliza, bibi, na ikituangukia? Nikamwambia utalishwa umelala.

Kosa ni la Setu. Alisimama kutoa hotuba ya kuwakaribisha, akaanzia kwa babu wa babu yake, jua likashuka na babu bado hajaoa. Boriti ilipopanda kwenye mabega yao na mimi niko juu ya ngazi, ncha moja nimeshafunga, baragumu likalia. Sala ya jioni!

Saa hiyo kwetu hakuna anayetembea, hakuna anayefanya kazi. Wazee wa zamu husimama barabarani na fimbo zao, na ukionekana unafunga kamba, faini ni nguruwe kwa kijiji. Nguruwe mwenyewe ndiye huyo mmoja. Vijana wakataka kuishusha. Thubutu! Nikawaambia sala husaliwa ndani ya nyumba. Hapa pana nguzo, pana boriti, hii ni nyumba, nyie mko ndani. Simameni mlipo. Na mwenye nyumba ndiye anayeongoza.

Nilianza vizuri. Nikashukuru kwa ajili ya siku. Nikamkumbuka marehemu mume wangu na baba yake. Nikaja kwa kwaya, sauti moja moja. Kwa Pisaina nikamwomba Mungu amwonyeshe, kwa upole, kwamba sauti ya juu haikugawiwa watu wote. Nikasikia mtu ananong'ona, bibi, amina. Nikafungua jicho moja. Mabega yote yanatetemeka. Mwingine, amina bibi, tafadhali. Nikamwambia Mungu hakimbizwi, sasa tunaingia kwa wagonjwa.

Boriti haikuwangoja wagonjwa. Ile ncha niliyoifunga ilifunguka kama utepe wa nywele, na vijana wakatawanyika. Hakuna aliyeumia, wa siku hizi wanajua kuruka. Boriti ikazivuta na zile za pembeni, zote, kisha ikamwangukia nguruwe.

Kutoka barabarani nikasikia wazee wa zamu wanacheka. Wakati wa sala!

Vijana wamekula nguruwe bapa, wakaniaga kwa heshima, wakaenda.

Jumanne, 11 Septemba

Nimekaa kwenye kaburi la mume wangu asubuhi yote. Keshokutwa mwanawe anakuja na koti langu la baridi ameshanunua.

Pisaina kaja na supu ya samaki ya tui. Nikamwambia kama umekuja kucheka, wenzako walishamaliza. Akakaa. Akaipuliza supu kama mimi ni mtoto. Kisha akasema, dada, kile kiungo ulichokitazama alikifunga vibaya mkwe wetu wiki aliyokuja kuposa. Leavasa amekiacha pale ili acheke akilala. Alikuona. Anasema siku nyingine ukiugua mgongo, ulale upande wa baharini.

Masikio yangu yaliwaka moto.

Akaendelea. Leavasa hawezi kurudi kwenye nyumba aliyoiacha, neno lake litakuwa makapi. Lakini banda la kuku hajawahi kuliacha. Kama hapa kijijini kuna mtu anajenga banda la kuku, na akasema kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba ni banda la kuku, basi fundi ni fundi.

Nikamwambia afadhali nilale na kuku. Akasema ndiyo hivyo, dada, ndicho tunachozungumza.

Nikamuuliza yeye anapata nini. Akakwangua bakuli kwanza. Akasema, ukienda Auckland nitagombana na nani? Wengine wote wananiogopa.

Supu ilikuwa haina chumvi. Nimeimaliza.

Jumatano, 12 Septemba

Kijiji kizima kilikuja. Nilimkumbatia kuku wa Setu ili uongo usisimame peke yake. Nikasema. Hili. Ni. Banda. La kuku.

Leavasa akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa kazi ya kanisa. Akauliza, kuku wangapi? Nikasema mmoja. Ana umri gani? Mzee. Anadonoa? Kabla sijajibu Pisaina akadakia, anadonoa mno, fundi, weka mlango mpana watu wakimbilie. Watu walicheka mpaka kuku akanitoroka.

Leavasa akalitoa shoka kwenye ala.

Sijabanduka chini ya ngazi yake. Kamba kwanza inalowekwa! Ikikauka inajikaza yenyewe. Na huanzia chini, Setu asijue. Nikauliza mbona hapa mizunguko ni mingi, akasema upepo wa kimbunga hupitia huku. Nikauliza nyeusi ni ya nini, akasema ni ya urembo. Nikamuuliza banda la kuku la nini na urembo? Akasema huyu kuku namjua, bila urembo atanisema.

Jioni boriti zote zilikuwa juu. Upepo ukaja. Likaguna! Banda langu limeguna!

Alhamisi, 13 Septemba

Aperaamo kafika na feri ya mchana. Upande wa barabarani makuti yameshapanda, upande wa baharini bado. Alisimama kando ya kaburi la baba yake, akainua macho. Akauliza, mama, nani kajenga? Nikasema mimi. Juu ya paa Leavasa akakohoa.

Tukaandaa chakula. Niliapa kutosema kitu, na sikusema. Kijana mmoja wa Leavasa akachukua gimbi la tatu, nikaguna tu. Mtu akiguna kasema? Nyumba huguna! Lakini alipolishika la nne ulimi ukaponyoka wenyewe. Nikasema kuku wangu ni mmoja, mbona leo nalisha banda zima.

Pisaina akajishika kichwa. Leavasa akafuta shoka lake, akalivika ala.

Ijumaa, 14 Septemba

Mvua. Kutoka baharini, bila shaka.

Mimi nilikuwa upande wa barabarani, nimelala kama askofu. Aperaamo nilimtandikia upande wa pili, anapenda hewa. Asubuhi alikuwa ameloa mpaka kwenye soksi, koti langu la baridi amejifunika yeye. Akasema, mama, mapatano yamevunjika, hili ni nusu paa. Nikamwambia tulipatana paa juu ya kichwa changu. Kichwa changu kikavu, njoo ukishike. Kichwa chako hakikuwa kwenye mapatano.

Alitaka kukasirika. Akacheka, akacheka mpaka akaenda kukaa kaburini kwa baba yake ashike mbavu vizuri. Neno la Auckland sijalisikia tena.

Pisaina kapita njiani na mwavuli. Kaniuliza kama nina banda lingine la kuku. Nikamwambia fundi gani tena, siri zote sasa ninazo mimi.

Setu, amka, loweka kamba! Aperaamo, vua soksi, panda juu, na ukianza anzia chini. Na asiguse mtu gimbi hata moja mpaka upande wote uishe.