Namna ya Kuomba Radhi Bila Kutaja Kosa

Jumatatu, 4 Juni 1956
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Kasema hivyo hata salamu hatujamaliza. Vijana wa leo! Lakini nimemwelewa. Siku zangu chache, na yupo mtu lazima anipe radhi kabla sijafa: Bi Mwatum wa Kiponda, mjane wa Mkadam.

Kosa naliandika hapa, maana hapa hasomi mtu. Mwaka 1909 rafiki yangu Hasan alinifanya mshenga wake. Nikapeleka barua ya posa kwa baba yake Mwatum. Mzee akaniuliza, huyu Hasan kijana wa namna gani? Hasan alikuwa kijana bora Unguja nzima. Mimi nikainamisha macho, nikakohoa kidogo, nikasema mimi si mtu wa kusema watu. Basi. Neno baya halikunitoka. Posa ikakataliwa.

Mwatum nilimtaka mimi mwenyewe. Nikaona adabu ni kungoja mwaka upite ndipo nipeleke posa yangu. Haikupita hata miezi minne, akaolewa na Mkadam.

Mpango: kuomba msamaha wa jumla. Kosa lisitajwe.

Jumanne, 5 Juni
Nimekwenda Kiponda. Hodi ni tatu, usipojibiwa, unarudi. Nimepiga zote tatu, kwa sauti ya mtu asiyependa kusumbua wenye nyumba. Kimya. Nikarudi, dhamiri yangu safi.

Jioni mjukuu wangu Miraji, karani wa bandarini, akaniambia kuna jirani kaniona nikiunong'oneza mlango.

Miraji huyu ndiye aliyemwendea baba yake Tabia, mchumba wake, peke yake, bila mshenga wala barua, akasema nampenda binti yako, naomba nimuoe. Aibu iliyoje! Mimi niliyefundisha adabu skuli miaka thelathini! Baba mtu alikubali kabla kahawa haijapoa. Sijui dunia inakwenda wapi.

Alhamisi, 7 Juni
Miraji kanisindikiza. Hodi kapiga yeye, njiwa wakaruka. Tukakaribishwa. Mimi ukumbini, Bi Mwatum nyuma ya pazia na cherehani yake. Nikauliza hali yake, ya watoto, ya wajukuu, ya magoti, ya paa linalovuja. Miraji akachoka, akatoka nje. Ndipo nikasema kwamba binadamu hukoseana, basi kama nimewahi kumkosea, anisamehe.

Cherehani ikanyamaza. Akauliza, kosa gani? Nikamjibu kuwa mtu wa adabu haingii katika vijambo vidogo vidogo.

"Kusamehe si kuuza ndizi, Mwalim, nikupe mkungu mzima sijautazama. Rudi ukikumbuka."

Nikaaga kwa heshima zote. Mkaidi, mama huyu.

Jumamosi, 9 Juni
Asubuhi nimeanguka kwenye ngazi za msikiti. Waliniinua watu wawili. Nikaona sasa si mchezo. Nikaenda Kiponda vivyo hivyo, kanzu ina vumbi. Nikasema yote kwa pumzi moja. Hata hali sikuuliza.

Nyuma ya pazia Bi Mwatum akanieleza. Siku ile baba yake aliingia ndani akamwambia Hasan ni mlevi. Miaka arubaini na saba, kila akikutana na Hasan njiani, yeye anageuza uso.

Nikasema ulevi mimi sikuutaja.

"Hukutaja kitu. Ndiyo maana kila mtu akajaza lake."

Nikalia. Vibaya, mbele ya pazia la watu. Akaniacha mpaka nikamaliza.

"Langu nshakusamehe. Mkadam alikuwa mume mwema, sikujuta. Lakini la Hasan si langu. Mwambie kwa kinywa chako, na usimzungushe."

Nikamwahidi.

Jumatatu, 11 Juni
Hasan mwenyewe kaja! Kasikia huko Chwaka kuwa naumwa, akapanda gari la shamba la alfajiri na samaki wake wawili, changu. Meno hana, mgongo umepinda, na bado anapendeza kuliko mimi.

Mgeni hapewi habari nzito kabla hajala. Tukala. Na aliyeshiba havurugwi tumbo. Akanihadithia mihogo yake na marehemu mkewe. Kisha akasema ameona ajabu: asubuhi, pale Darajani, Bi Mwatum kamsimamisha, kamwamkia kwa jina lake. Hajui kimetokea nini. Akaniuliza kama mimi najua sababu.

Nikamwongezea mchuzi.

Wakati wa kuondoka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mcha, sote tunakwenda. Lolote baya nililokufanyia, niachie."

Ningefanya nini? Mgeni kaomba, tena katika nyumba yangu. Kumkatalia ni utovu wa adabu usio na mfano.

Nikamsamehe. Nikamsindikiza mpaka garini, hatua kwa hatua, ingawa daktari alikataza. Moyo wangu sasa mwepesi kabisa.