Gari la Mudrick Litafaulu Mtihani wa Moshi

(Jumapili moja ya mwezi Machi, mwaka 2006, ukumbi wa chini ya kanisa, Brooklyn Park, Minnesota. Ibada imekwisha, pilau bado haijapakuliwa. Mwenyekiti wa Umoja wetu wa wahamiaji, Bwana Anselm, anasimama, anagonga kipaza sauti ambacho hakuna aliyekiwasha, na anaanza.)

Mheshimiwa Mlezi wa Umoja wetu, ambaye ametuma salamu kwamba yuko kazini. Mheshimiwa Makamu wa Mlezi, ambaye naye yuko kazini lakini hajatuma salamu. Mheshimiwa Katibu Mkuu, ambaye pia ni mke wangu mpendwa, Mama Dativa. Mchungaji uliyetuazima ukumbi huu hadi saa nane. Ndugu zetu Waislamu mliokuja kwa ajili ya umoja, na ndugu zetu Wakenya mliokuja kwa ajili ya pilau. Wazee wetu, yaani sisi sote tuliofika Minnesota kabla ya mwaka elfu mbili. Vijana wetu, yaani ninyi mliofika baada yake, hata kama mna wajukuu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa itaundiwa kamati.

(Makofi. Waliotoka zamu ya usiku wanashtuka usingizini na kupiga makofi pia.)

Ndugu wanajumuiya, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, sifa ambayo wengi mmekuwa mkiitaja kila ninapowakumbusha, ili kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa awamu ya kwanza ya Mradi Shirikishi wa Kuyawezesha Magari Yaliyofanyiwa Marekebisho Kufaulu Mtihani wa Moshi, mradi ambao umebuniwa, umeratibiwa, umesimamiwa na umepongezwa na ofisi yangu.

Naomba nianze na historia, kwa sababu vijana hawa hudhani Amerika ilianza siku walipotua uwanja wa ndege. Mwaka 1996, wakati wengi wenu mkipanga foleni ya viza, mimi tayari nilikuwa na Toyota, na Toyota ile ikapelekwa kwenye kituo cha kupima moshi, ikachomekwa mrija nyuma, ikafeli. Nikaipeleka tena, ikafeli tena. Mwingine angekata tamaa, lakini mimi nikafanya tathmini ya kina ya mazingira wezeshi, nikabadilisha plagi, nikaipeleka, ikafaulu. Tangu siku ile, katika jimbo hili lote na maziwa yake yote, hakuna Mwafrika anayeujua moshi kunizidi, na ndiyo maana kila mgeni akishuka huletwa sebuleni kwangu aelezwe sheria za nchi hii: ukisimamishwa na polisi usishuke garini, koleo la theluji linunuliwe kabla ya theluji, na gari lisilofaulu moshi halitembei.

(Mzee Zachariah, meza ya mbele: “Kweli kabisa! Hata mimi uliniambia hivyo hivyo!”)

Asante, mzee wangu. Sasa niende kwenye gari lenyewe. Kijana wetu Mudrick, simama wakuone. Haya, kaa. Kijana huyu alinunua Honda Civic ya mzungu mmoja aliyekuwa ameifanyia, kwa lugha ya kitaalamu, marekebisho ya kupindukia: imeshushwa hadi inalamba lami, imefungwa tabo ya kuiongezea injini nguvu, kichujio cha moshi kimekatwa kikatupwa, na nyuma imewekwa ekzosi nene kama sufuria ya harusi, kiasi kwamba ikiwashwa hapa Brooklyn Park, watoto waliolala Coon Rapids, ng'ambo ya mto, wanaamka wakilia. Mwezi Novemba niliisikia ikiingia hapo nje. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, Mudrick, gari hili likionekana barabarani bila kufaulu moshi litavutwa, na wewe utavutwa nalo. Lete ufunguo, Umoja utalishughulikia. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo kwao, akanipa kwa mikono miwili.

(Mwenyekiti anapapasa mfuko wa koti. Ufunguo unalia.)

Tangu hapo gari limehifadhiwa katika Karakana Kuu ya Umoja, ambayo kwa muda iko ndani ya gereji ya nyumba yangu kule Champlin, na limepitia majaribio ya barabarani yasiyo na idadi. Tumelijaribu kwenda dukani. Tumelijaribu kwenda uwanja wa ndege kumpokea shemeji. Tumelijaribu kumpeleka Katibu Mkuu kazini na kumrudisha, katika baridi ya kila aina, tena na hita ikiwa imewashwa hadi mwisho. Takwimu zinaonyesha kwamba ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili tumeziweka akiba kwa matumizi ya mwakani.

(Nahashon, meza ya Wakenya: “Kwa hivyo ni wewe nilikuona nayo pale kwa dirisha la kununua kahawa? Music juu kabisa! Nikadhani ni kijana ya high school!” Kicheko.)

Ndugu Nahashon, lile lilikuwa jaribio la injini kuunguruma ikiwa imesimama. Muziki ulikuwa sehemu ya jaribio.

(Mudrick anasimama tena, safari hii bila kuambiwa. “Shikamoo Mwenyekiti. Samahani kwa kukukatiza. Mimi naomba ufunguo tu. Kesho naingia saa kumi na moja alfajiri, Coon Rapids, kule ninakofua mashuka ya hospitali. Basi la kwanza saa hiyo bado halijaanza kutembea. Baridi yote hii nimevuka daraja kwa miguu. Sasa msimamizi wangu, Susan, amesema nikichelewa kesho nisivue hata koti, nigeuze nirudi nyumbani.”)

Marahaba, kijana. Swali zuri sana, na litajibiwa katika mkutano wa Juni.

(Miguno. Mtu anasema, “Juni!”)

Ndugu wanajumuiya, mmesikia kauli ya mdau. Tusichanganye hisia na mchakato. Gari haliondoki tu, kama kuku. Mbele yetu kuna upembuzi yakinifu, kuna semina elekezi, kuna stakeholders, kuna steering committee, kuna roadmap, ambayo kwa bahati mbaya nimeiacha ndani ya hilo hilo gari, hapo nje, na baada ya hayo yote ndipo mimi binafsi, kwa mkono wangu, nitalipeleka gari kwenye mtihani, na nawaahidi, mbele ya Mchungaji, kwamba litafaulu!

(Makofi ya meza ya wazee. Philister, yule Mkenya anayehudumia wagonjwa majumbani, amenyoosha mkono muda mrefu. Sasa anaushusha na kusema tu: “Chairman, hiyo test inafanyiwa wapi?”)

Serikalini, Mama.

(“Serikalini wapi? Juzi nilienda Saint Paul kuchukua stika ya gari. Nikaona wacha niulize yule msichana wa dirishani, hii gari niipeleke wapi ipimwe moshi, maanake Chairman wetu ametutisha. Akaita wenzake wakuje wanione! Wakaniambia hiyo kitu ilifutwa 1999. Elfu moja, mia tisa, tisini na tisa! Hakuna test ya moshi Minnesota. Hakuna!”)

(Jikoni kijiko kinaanguka. Kisha Mzee Zachariah anainuka polepole, ameshika ukingo wa meza: “Anselm. Ile van yangu uliniambia niiuze kwa sababu ya moshi. Akainunua shemeji yako.” Ukumbi unalipuka.)

Utulivu, tafadhali! Utulivu! Mzee, hoja ya van itapelekwa kwenye kamati ndogo. Mama Philister, nakushukuru, ingawa umeniwahi, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nakuja kulitangaza. Naam! Kwa heshima na taadhima natangaza rasmi kwamba mradi wetu umefanikiwa kuliko ulivyopangwa. Lengo lilikuwa gari moja lifaulu mtihani. Leo hii, chini ya uongozi thabiti, mtihani wenyewe haupo! Niambieni, ni jumuiya gani nyingine katika jimbo hili iliyoweza kuumaliza mtihani kabla hata haijaanza kuufanya? Waliberia wameweza? Wasomali wameweza? Tangu mwaka 1999 hadi ninapozungumza, hakuna mwanajumuiya hata mmoja aliyefeli moshi. Hata mmoja! Nani kama sisi?

(“Ufunguo!” anapaza sauti Nahashon, na meza zinaanza kupigwa: “U-fu-nguo! U-fu-nguo!” Mchungaji naye anapiga, kwa kidole kimoja.)

Nasikia sauti ya wananchi, na nitaunda tume...

(Mama Dativa, kutoka kwenye sufuria, mwiko mkononi: “Baba Dativa, mpe mtoto wa watu ufunguo wake. Pilau inapoa.”)

Kufuatia ushauri wa kitaalamu wa Katibu Mkuu, na kwa mamlaka niliyonayo, nakabidhi sasa ufunguo huu kwa mnufaika wa kwanza wa mradi. Mpiga picha asogee. Kama hakuna mpiga picha, naomba tu tukae hivi kidogo.

(Ufunguo umefungwa kishikizo kipya kilichoandikwa MWENYEKITI. Mudrick anaupokea kwa mikono miwili, anakitoa kishikizo, anamrudishia mwenyewe, pia kwa mikono miwili, anachukua koti na kutoka. Pilau hakuingoja.)

Ndugu zangu, tumalize kwa ari. Nikisema Umoja, ninyi mseme Maendeleo. Umoja!

(Nje Civic inawaka. Madirisha yanatetemeka, vikombe vinagongana. Kama kuna aliyejibu, hakusikika.)

Nimewasikia! Moshi safi! Uongozi safi! Ekzosi oyee! Basi, kwa niaba yangu na kwa niaba ya waliokuwa wakiniunga mkono, nawashukuru wote. Nakishukuru kituo cha kupima moshi, ambacho hakipo. Naushukuru mtihani, ambao nao haupo. Na kwa namna ya pekee naushukuru mradi wenyewe, ambao, kwa kuwa haukuwahi kuwepo hata siku moja, hauwezi kulaumiwa na mtu yeyote. Asanteni sana.

Na tangazo dogo la kiutawala. Toyota yangu niliiuza Desemba, baada ya kuona majaribio yanakwenda vizuri. Kwa hiyo ofisi ingependa kujua ni nani anaelekea Champlin.

(Watu wamempa mgongo, wako kwenye foleni ya pilau. Mama Dativa ameshaomba lifti kwa Philister, na nafasi iliyokuwa imebaki garini ilikuwa hiyo moja tu. Mlango unafunguliwa. Ni Mudrick, theluji hadi kwenye vifundo vya miguu, na injini nje inaendelea kunguruma.)

(“Mwenyekiti, taa ya mafuta inawaka. Umeniachia tangi tupu.”)

Hilo, kijana wangu, liko kwenye awamu ya pili.

(“Basi panda twende. Awamu ya pili iko njiani, pale kituo cha mafuta. Unajaza wewe, mpaka juu. Na ukae nyuma, kama waheshimiwa wenzako.”)

(Mwenyekiti anatafuta kofia yake. Makofi ya safari hii hakuna aliyeyaomba.)