Wasiopuliza Wasiingie

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa muziki kaja ofisini kwangu, yaani kile chumba cha ndoo na mafagio nyuma ya jukwaa. Kundi la ala za upepo la chuo linatumbuiza Jumamosi. Anatafuta msimamizi wa kudumu: apange viti, apokee wachezaji, asafiri nao wakialikwa. Kusafiri! Miaka kumi na tisa natunza ukumbi huu, safari yangu ndefu ni kutoka jukwaani hadi chooni. Akauliza kama nalifahamu kundi la namna hiyo. Nikasema ujana wangu wote niliumalizia humo. Ukweli, sijapata kupuliza kitu zaidi ya chai ya moto.
Mkutubi naye anaitaka kazi hiyo. Tunamwita Kamusi. Neno halimpiti bila kulifafanua.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu anapiga klarineti katika kundi hilo, na Jumamosi ana kipande chake cha peke yake. Nikamuuliza kijanja, kama mtahini, kundi la upepo ni nini. Akasema ni wanamuziki wa ala za kupuliza, za mbao na za shaba, na kila mmoja ana sauti yake. Si kama bendi kubwa ambako watu kumi hupiga kitu kimoja. Hapa akikosekana mmoja, pengo linasikika. Akaanza kusema kwamba tena wapo na wengine ambao, nikamkatiza. Nikamwambia inatosha, amefaulu. Akanitazama vile mama yake anavyonitazama nikishika bisibisi.
Mbao na shaba. Rahisi.

Jumatano, 5 Machi
Si rahisi. Nimebandika karatasi kwenye viti kabla ya mazoezi: mbao kushoto, shaba kulia. Kaja kijana na saksafoni inayong'aa kama bomba jipya. Nikampeleka kulia. Mwalimu akamrudisha kushoto. Eti ni ya mbao, kwa sababu mdomoni ina kijiti cha utete kinachotetemeka. Sawa. Filimbi ikaja, chuma kitupu, utete haina. Kulia. Mwalimu akairudisha kushoto. Eti zamani ilichongwa kwa mti. Kwa hesabu hiyo hata mimi ni mtoto mchanga.
Obo na basuni, mirija ya mbao yenye utete, nilizipatia kwa bahati. Tarumbeta, tromboni na tuba za shaba pia. Walipoita mtu wa honi nikachungulia nje kutafuta gari. Kumbe ni bomba lililojiviringa kama konokono. Kamusi alikuwa mlangoni, anaandika. Alicheka kwa pua.

Ijumaa, 7 Machi
Kamusi hatoki nyuma ya jukwaa. Anajifanya kuuliza majina ya ala huku mwalimu anamsikiliza. Nikapata dawa yake. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa wachezaji: WASIOPULIZA WASIINGIE. Halimtaji mtu. Kalisoma mara mbili, kaondoka. Nimelala adhuhuri yote kwa amani.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa nikasimama mlangoni, shati limepigwa pasi. Kaja mama mwenye mvi anakokota besi ya nyuzi, kubwa kuliko yeye. Sikumwona hata siku moja mazoezini.
Nikamuuliza, "Mama, hiyo unapuliza?"
"Hapana, mwanangu. Hii hupigwa kwa upinde."
"Basi nisamehe. Soma hapo."
Akasoma. Akasema anapiga na makundi ya upepo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikamwambia labda upepo wa huko ni mwingine. Nyuma yake kaja mpiga ngoma, naye mgeni machoni pangu. Huyo sikumpa hata nafasi ya kueleza. Wakaondoka wote wawili.
Saa kumi ukumbi umejaa, mkuu wa chuo mstari wa mbele. Mwalimu akahesabu viti. Akauliza besi iko wapi, na ngoma. Nikamweleza kwa fahari kwamba nimewazuia wavamizi wawili. Hakunigombeza. Aliketi juu ya sanduku la tuba, akafunika uso. Kisha akaniambia polepole kwamba kundi la upepo lina wapiga ngoma wake, na mara nyingi besi moja ya nyuzi, kwamba hao wawili aliwaalika waje siku ya onyesho tu, na kwamba muziki wa leo wote umesimama juu ya besi hiyo.
Watu wakaanza kukohoa. Binti yangu akasikia yote. Hakunitazama. Akainuka, akaenda mbele peke yake, akaanza kipande chake ili watu wasitoke.
Sauti ilikuwa nyembamba, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Niliona mabega yake tu. Mara mlango wa watazamaji ukafunguka. Kamusi, kabeba upande mmoja wa besi, mama kabeba upande wa pili, mpiga ngoma nyuma yao. Kamusi alikuwa amewakuta kwenye ngazi za maktaba. Yule mama hakungoja kitu. Akapanda, akaegemeza besi begani, akaingia chini ya klarineti taratibu. Binti yangu akanyooka. Kukohoa kukakoma.
Nilitokwa na machozi. Kwa kuwa nimeufagia ukumbi mwenyewe, siwezi kusingizia vumbi.

Jumatatu, 10 Machi
Kamusi kapewa kazi. Nimempelekea funguo za mlango wa wachezaji na nikamwomba radhi yule mama wa besi, ambaye alinicheka tu. Binti alinikalisha jikoni akaniambia, baba, usilolijua uliza, hakuna atakayekula nyama yako. Nikakubali kwa moyo wangu wote. Nimekuwa mtu mwingine.
Mchana mwalimu kapita. Mwezi ujao ukumbi utapokea kundi la nyuzi la watu wanne. Akauliza, bila matumaini, kama najua wanavyokaa. Nikamwambia asiwe na shaka. Kundi kama hilo nilikuwamo ujanani. Nilikuwa wa tano.