Seli Nyeupe Milioni Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa. Iandikwe! Asubuhi ameletwa hapa kituo cha kutibu wanyamapori bundi aliyegongwa na gari, bawa la kushoto linaning'inia, macho ameyatoa kama mkaguzi wa shule. Daktari akataka apimwe damu. Shemeji, yaani mdogo wa mke wangu, ambaye huhesabu seli kwa hadubini moja moja kama anachambua mchele, yuko semina hadi Alhamisi. Nikaona nafasi. Damu nikaitia kwenye mashine tuliyopewa na kliniki ya mbwa. Dakika moja tu. Seli nyeupe: milioni mbili! Kitabu kinasema bundi mzima huwa na elfu kumi na kitu. Nimegundua ugonjwa mpya. Hauna jina bado. Mimi ninalo.

Jioni nimempelekea fundi cherehani koti langu jeupe, ashone kifuani "Mkuu wa Maabara". Nafasi iko wazi tangu mzee wetu astaafu. Daktari ataijaza Ijumaa. Ni mimi au Shemeji.

Jumanne, 4 Juni
Mimi si mtu wa kukurupuka. Nikataka kulinganisha na bundi mzima. Tunaye Bibi, mwenye jicho moja, yuko hapa miaka tisa, mnene, hajawahi hata kupiga chafya. Damu yake mashineni. Milioni mbili na ushee! Mtu mwingine angedhani mashine ina kasoro. Mimi nikaelewa papo hapo: unaambukiza!

Nimemsimulia mke wangu wakati wa chakula. Akauliza kama nimemshirikisha mdogo wake, maana ndiye aliyeniombea kazi hii. Nikasema sayansi haina ushemeji. Akaniondolea sahani kabla sijamaliza.

Jumatano, 5 Juni
Nimempa Daktari ripoti. Kurasa nne, jina langu mara kumi na moja. Akasoma hadi mwisho. Akauliza kama nina hakika. Asilimia mia, nikamjibu. Akasema basi bundi wote wawili wachomwe sindano ya mwisho kesho mchana, kabla wengine thelathini hawajaambukizwa. Kisha akaenda kusimama mbele ya kizimba cha Bibi. Alimlea tangu kinda, akimlisha kwa kibano. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa koti. Hata mimi roho iliniuma, nakiri. Nikajituliza kwa kuandaa hotuba yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Usaliti! Mke wangu kampigia simu mdogo wake. Saa nne Shemeji kaingia maabara na begi la safari mgongoni, salamu yenyewe ya nusu mdomo. Akadondosha damu ya Bibi kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini, akaanza kubonyeza kile kihesabio chake. Kisha damu ya yule wa ajali. Saa nzima! Daktari kasimama nyuma yake. Sindano zilikuwa zimeshajazwa, ziko kwenye trei.

Shemeji akainua kichwa. "Shem, seli nyekundu za ndege zina kiini; zisizo nacho ni za wanyama wanyonyeshao tu, kama mbwa. Hii mashine ya mbwa ikiona kiini, inahesabu seli nyeupe. Umeihesabu damu yote kuwa ugonjwa. Bibi hana kitu."

Yule wa ajali, akaendelea, seli nyeupe zimezidi mara tatu tu, na damu imepungua. Mahali fulani pana usaha. Wakapekua manyoya, wakakuta kidonda chini ya bawa, kinanuka. Atapewa dawa, atapona.

Daktari akazimwaga zile sindano kwenye sinki, moja baada ya nyingine. Hakunitazama. Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji ndiye Mkuu wa Maabara. Nimempa pole, yaani pongezi. Daktari kanijulisha kwamba nimebaki kazini kwa sababu Shemeji kaniombea tena. Koti limetoka kwa fundi. Limeshonwa vizuri mno, nimelivaa hapa nyumbani mbele ya kioo.

Lakini tuseme haki. Nani aliyesababisha damu ya yule bundi iangaliwe mara mbili? Mimi. Kidonda kimeonekana kwa sababu yangu. Leo amekula panya wawili. Hakuna aliyeniambia asante, nami sidai.

Shemeji amebandika karatasi kwenye mashine, herufi kubwa: SI KWA NDEGE. Akanitaka niisome kwa sauti, mara mbili, kama mtoto wa chekechea. Nikasoma. Mtu mkubwa hujishusha.

Jumatatu, 10 Juni
Ameletwa kobe, kamasi zinamtiririka. Shemeji yuko mkutanoni. Nimeisoma tena ile karatasi, neno kwa neno, maana mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Kobe si ndege.

Damu mashineni. Dakika moja. Seli nyeupe: laki sita! Ugonjwa wangu umevuka kutoka kwa bundi!

Nimekimbia nyumbani kuchukua koti. Nimelivaa, nimefunga vifungo vyote. Naandika haya nikiwa mlangoni kwa Daktari.