Nani Aliniua Kanisani?

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Nimekufa tena. Safari hii kwenye sakafu ya kanisa moja la kijijini Suffolk, Uingereza, katika tamthilia ya upelelezi ya Jumapili usiku. Baridi imeniingia hadi kwenye meno. Mara ya mwisho kutamka neno kwenye televisheni nilikuwa muuguzi, nikasema daktari anakuja. Hakuja. Tangu hapo ni maiti juu ya maiti. Mama, kule Hull, hutazama kila ninapouawa, kisha hupiga simu kuuliza: Glenys mwanangu, lini utaigiza mtu anayepumua?

Lakini kuna habari njema. Neville, mwongozaji wetu, amesema nikilala vizuri wiki hii atanipa tukio katika kipindi cha mwisho: kumbukumbu za nyuma, mimi nikiwa hai, jikoni, naongea. Naongea! Atakata shauri Ijumaa.

Kitu kimoja tu kinaniwasha. Nani kaniua? Nimepewa kurasa zangu tu, nazo zinasema "amelala". Kila mtu kapewa kipande chake, siri isifike magazetini. Nilipomuuliza Neville, akasema maiti mzuri haulizi maswali. Sasa nitakuwaje maiti wa kweli bila kujua nimekufa kwa mkono wa nani? Kuuliza si ujinga.

Jumanne, 4 Novemba

Rosalind Mayhew anaigiza dada yangu. Tulisoma naye chuo cha maigizo. Hata wakati ule alikuwa analia kwa amri, jicho la kushoto kwanza.

Mpango: kumwalika chai hotelini, keki ya limau, akishiba atalegea na kunionyesha kurasa zake. Alishiba. Hakulegea. Akasema hajui lolote, kisha akanishika mkono kwa huruma na kuniambia, mpenzi, lile tukio lako la jikoni bora lifutwe, maana watazamaji wakikuona hai watakulilia wewe, na mimi atanililia nani? Akajifuta makombo kwa kitambaa changu. Nimeambulia patupu.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku wa fataki, kama kila tarehe tano Novemba huku kwetu. Vijana wa kijiji hawakungoja giza, wakalipua moja tukiwa tunarekodi. Kila mtu aliruka. Mimi sikupepesa hata ukope! Neville akawaambia wote, mtazameni Glenys, huyo ndiye maiti. Rosalind alinuna hadi chakula cha jioni. Mimi nilikula mara mbili.

Na nimegundua jambo. Mtu akishafunikwa shuka, watu humsahau. Leo nimesikia nani hampendi nani, na fundi mmoja ameweka kikombe chake cha chai juu ya tumbo langu. Kesho ni tukio la mochwari. Neville atamnong'oneza kila mshukiwa maelekezo yake palepale kando yangu. Nitatulia tu. Hii hata si hila, ni masikio.

Alhamisi, 6 Novemba

Mdomo umeniponza.

Alianza yule anayeigiza kasisi. Neville akamnong'oneza kwamba ana huzuni tu, basi. Si yeye. Kisha akaja Rosalind. Neville akamwinamia, sauti chini kabisa: lia kama kawaida yako, ila kumbuka, wewe ndiye uliyemtilia sumu.

Kamera zikawashwa. Nilijizuia. Nadhani nilijizuia muda mrefu sana. Kisha nikajikuta nimekaa wima, shuka kichwani, nikisema, "Nilijua tu ni wewe, mnafiki mkubwa."

Rosalind alipiga ukelele wa kufukuza popo. Neville aliomba chai, halafu akasema ukelele ule ni bora kuliko wote aliowahi kurekodi na atautumia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nafasi yangu imechukuliwa na sanamu la mpira. Dakika za jikoni kapewa Rosalind. Ataketi peke yake na kueleza jinsi nilivyokuwa mwema.

Nililia kwenye treni mpaka Ipswich. Nilipompigia mama alinisikiliza hadi mwisho, nikangoja neno la kunifariji. Akauliza nani aliniua. Nikamwambia. Akasema yeye hakumpenda yule binti tangu mahafali yetu. Tukacheka sana. Kisha akasema polepole kwamba yeye sasa ni mzee, na angependa kuisikia sauti yangu kwenye televisheni hata mara moja kabla hajaondoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Wakala wangu amepiga simu! Tamthilia ya hospitali. Mimi ni mgonjwa aliyepoteza fahamu. Nikitulia hadi kipindi cha mwisho, ninaamka na kusema "Mama".

Nimemwambia mama. Kaanza kuwaalika majirani. Nimemwapia nitalala kama jiwe.

Ila wakala hajui ninaumwa nini. Nimepiga simu ofisi ya hao watengenezaji wa tamthilia, wakasema mgonjwa hana haja ya kujua. Hana haja! Faili langu litaning'inizwa miguuni pa kitanda, nimemuuliza muuguzi wa kweli, akasema ndivyo ilivyo. Nimejaribu nyumbani kwa kutumia gazeti: mto ukiinuliwa kidogo, na jicho la kulia likifunguka kidogo tu, maandishi yanasomeka bila shida.