Lifti Yetu Iandikwe Dini Yake

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkaazi wa ghorofa ya saba hapa Shubra, Kairo. Sina ugomvi na dini ya mtu. Ugomvi wangu ni na lifti.

Tulipoweka lifti mpya, mwenyekiti wa jengo, Haji Mitwalli, aliitia sauti ya kusoma dua ya safari kila mlango unapofungwa. Bi Demiana, mjane Mkristo wa ghorofa ya juu, akasema kwa upole kwamba hata yeye husafiri. Haji ni muungwana, akamwekea zaburi. Sasa lifti husoma kwa zamu: safari hii ikipanda na dua, inayofuata hupanda na zaburi. Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, watu huiacha ipande tupu wakingoja zamu ya dini yao.

Pili, bawabu Basyuni alimzuia fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki langu, akamuuliza, "Fundi, we wa zamu ipi?" Fundi akajibu yeye ni wa masinki. Akaambiwa akae pembeni hadi ijulikane. Maji yalifika sebuleni.

Tatu, na hili ndilo lililonivunjia nyumba, Dokta Raufu anayefundisha falsafa alidai zamu ya kimya kwa wenye mashaka. Akapewa. Siku moja nimekumbatia tikiti maji, mikono imekufa ganzi, nikapanda hiyo. Mama mkwe akaniona nikitoka. Akampigia mke wangu: "Mwanangu, mumeo kaacha dini, tena kwa ajili ya tikiti."

Kwa hiyo naiomba serikali, kupitia kwako, iipe lifti kitambulisho kilichoandikwa dini yake, kama vya sisi wengine hapa Misri. Ikikataa kuchagua, ichunguzwe nasaba: mota imezaliwa Italia, nyaya ni za Uturuki, na kioo kimetolewa na binamu wa Bi Demiana. Ikifa, nani ataizika? Ngazi nazo zihojiwe. Miaka yote zimebeba kila mtu bila kuuliza.

Nisalimie wote hapo gazetini, wapiga chapa, mpika chai, na wenye mashaka kama wapo.

Wako katika kupanda na kushuka,
Shauki Abdelbari

Baada ya hayo: tafadhali usiichapishe. Nilipokuwa nikishuka kwenda kuiposti, umeme ulikatika, nikanasa ndani na Haji na Bi Demiana. Ilikuwa zamu ya kimya. Sote tulikuwa na haraka. Haji akataka kuomba dua, hofu ikamfunga ulimi. Bi Demiana akamshika mkono, akaanza kumsomea hiyo dua ya safari neno kwa neno, kwa jinsi alivyozoea kuisikia. Umeme ukarudi. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe, Haji akakizuia.

"Subiri, mwalimu," alisema. "Bibi hajamaliza."