Mpwa Wangu Ameshusha Sauti

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mpwa wangu ameimba wimbo wa kwanza wa albamu mpya na sauti imetoka chini, nzito, kama ya dada yangu akiniita nikaoshe vyombo. Miaka mitano mimi ni meneja wake. Alianza kuimba muziki wa soul akiwa na miaka kumi na minne, kisauti chembamba, watu wakampenda. Nimemuuliza kama ana mafua. Amesema hapana Mjomba, ndiyo sauti yangu. Shangazi yake, anayekitolea macho cheo changu, akadakia kwamba mtoto amekua. Nani kamuuliza?

Jumanne, 5 Machi
Nimempikia tangawizi na asali, sufuria nzima. Amekunywa kwa heshima. Akaimba. Imeshuka zaidi! Nimempeleka kwa daktari wa koo. Daktari kamchungulia, kasema koo zima kabisa. Kisha akaniuliza kama mimi nalala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Penye nia pana njia. Mpwa wangu alipotoka kwenda kula, nilimvamia fundi mitambo studio. Nikamwagiza aipandishe sauti kwenye nyimbo zote tisa, maana jana tumemaliza kurekodi. Akasema huko ni kuharibu kazi. Nikamuuliza meneja ni nani. Akabonyeza vitufe vyake huku amenuna. Kisauti cha zamani hicho! Nakala ninayo mfukoni. Keshokutwa watangazaji wa redio wanakuja kuisikiliza albamu. Shangazi ataumbuka.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeumbuka mimi.

Ukumbi ulijaa. Nikachomeka nakala yangu. Wimbo wa kwanza anamlilia marehemu baba yake, na kwa sauti ile ya kupandishwa ikawa kifaranga anadai urithi. Watangazaji wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Mpwa wangu hakucheka. Alinitazama mara moja tu. Akazima mashine, akasimama katikati ya ukumbi, akauimba upya bila ala yoyote. Alipofika kwenye jina la baba yake akashuka chini kabisa, nami nikamkumbuka shemeji, alivyokuwa akiimba akipiga pasi. Nikalia. Shangazi naye alikuwa analia, maana huyo alikuwa kaka yake. Akanipa leso, akasema mtu mzima hovyo. Niliona aibu kweli.

Jumapili, 10 Machi
Mpwa wangu amekuja asubuhi. Amesema alitaka kunifukuza, ila mjomba ni mjomba. Sharti moja: nisiiguse tena sauti yake. Nimeapa mbele ya Shangazi, mkono juu.

Watangazaji watatu wamepiga simu. Wote wanaitaka ile sauti nzito. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi sasa nimefunzwa: sauti nzito ndiyo mpango mzima.

Nimempigia fundi. Nimemwambia aishushe kidogo zaidi. Hakuna atakayejua.